Mabati Kumi na Manne na Upepo wa Jua

Baba mdogo Gwakisa alisema nitarudi baada ya miezi sita nikiwa na redio begani na bila meno ya mbele. Mwalimu wangu wa fizikia alisema mtu aliyezima umeme wa shule nzima kwa kuchomeka pasi mbovu maabara asiruhusiwe kugusa umeme wa aina yoyote, wa duniani wala wa mbinguni. Na siku naondoka, pale stendi ya Tukuyu, mama muuza ndizi ambaye hata hatukufahamiana aliniuliza naenda kufanya nini huko kusini mwa bara. Nikamwambia naenda kujifunza kupima sumaku inayoletwa na jua. Alinitazama, akaniongezea ndizi mbili za bure, akasema, "Pole, baba."

Basi nisomeni vizuri, vijana. Nilikwenda, nikakaa miaka kumi na minane, nikarudi na meno yote. Diploma yangu ya ufundi wa elektroniki iko ukutani sebuleni, na mgeni asipoiona namhamisha kiti. Nimewafundisha wenye digrii namna ya kushika bisibisi, wengine wakiwa tayari maprofesa. Siombi radhi kwa kusema hivyo. Mtu aliyechuma chai kwa kibarua ili alipe ada ya chuo ana ruhusa ya kujisifu mpaka azikwe, na nimeshamwagiza mchungaji aendelee pale nitakapoishia.

Kwanza mjue kazi yenyewe, maana wengi hapa kwetu mpaka leo wanadhani nilikuwa natabiri mvua. Mvua ya Tukuyu haihitaji mtabiri. Toa mkono dirishani.

Jua linapumua. Saa zote linatupa kila upande upepo wa gesi ya moto, moto kiasi kwamba chembe zake zimepasuka na vipande vyake vinabeba umeme. Gesi ya namna hiyo inaitwa utegili. Upepo huo unaburuta uga wa sumaku wa jua, yaani ile nguvu isiyoonekana inayogeuza sindano ya dira, na hivyo viwili vimeganda pamoja, anakokwenda mmoja na mwenzake yumo. Sasa, mmeshafika Kijungu, pale mto Kiwira unapoingia kwenye chungu cha mwamba? Kama mmefika, mnajua msukosuko. Maji yanaingia na mzunguko mmoja mkubwa, ule mkubwa unazaa midogo, midogo inazaa midogo zaidi, mpaka nguvu yote inaishia kwenye vijizunguko usivyoviona na kugeuka joto. Upepo wa jua nao uko hivyo hivyo njia nzima, ila huko kila mzunguko unaisokota na sumaku. Ndipo zinapotokea kamba. Bibi zenu wanasokota maganda ya mgomba pajani. Huko juu inasokotwa sumaku, na kamba moja inaweza kuwa nene kuliko dunia yote. Kamba mbili zikikutana vibaya zinakatika, kila kipande kinaungana na kipande cha mwenzake, na zikifyatuka zinarusha chembe kama manati.

Vurugu hiyo ikifika kwetu inaugonga uga wa sumaku wa dunia, nao unatetemeka. Mimi niliushika mtetemo huo hapa chini, Kawetele, katikati ya migomba. Ni mdogo mno, ni kama kumsikiliza mbu kwenye harusi. Ndiyo maana adui wa kazi hii ni chuma. Jembe, panga, baiskeli, zipu ya suruali, chochote cha chuma kikipita karibu, mtambo unakiona kabla wewe hujakisikia, na sauti ya jua inazama.

Nilirudi nyumbani kwa sababu ya tundu kwenye ramani. Kituo nilichofanyia kazi kule kusini kilishirikiana na vituo vingine vingi, na kwenye ramani yao upande wetu ulikuwa mweupe, hakuna kinachopima. Kiongozi wa utafiti, ambaye sisi mafundi tulimwita Daktari tu, alikuwa akiutazama ule weupe kila siku na kusikitika. Nikamwambia, "Mheshimiwa, hapo peupe ni kwetu. Nina shamba la marehemu baba, reli iko mbali, kiwanda hakuna, watu wastaarabu." Hilo la mwisho nililisema haraka.

Akakubali kunipa mtambo kwa majaribio. Siku tisini mfululizo mstari unaochorwa na mtambo uwe safi. Ukiwa safi, kituo kinabaki na mimi ndiye mkuu wake. Ukichafuka, mtambo unafungwa kwenye sanduku na kwenda nchi nyingine iliyokuwa kwenye foleni. Mimi nilikuwa nimeshaacha kazi kule, na nafasi yangu imeshachukuliwa. Mtambo ukiondoka, ningebaki Kawetele na diploma na mbwa.

Kosa la kwanza nililifanya kabla hata mtambo haujafika. Unahitaji nguzo imara ya kuuwekea, isiyotikisika, nami nikajenga nguzo ya mawe meusi ya kwetu, nzuri mpaka mwashi akaomba apigwe picha nayo. Nikaweka dira juu yake. Sindano ikaelekea Malawi. Nikaisogeza upande wa pili wa nguzo, ikaelekea jikoni. Mawe ya Rungwe yametoka tumboni mwa volkano na yamejaa chuma. Mimi niliyezaliwa juu ya volkano na kuishi na sumaku miaka kumi na minane, nilisahau mawe niliyojikwaa utoto wangu wote. Tukaibomoa. Matofali ya kuchoma nayo hayafai, moto unayapa usumaku. Nikaagiza mawe ya chokaa kutoka Songwe, na kila jiwe nililipima kwa dira mbali na gari, dereva akidhani nawanga.

Kujipekua hivyo nilifundishwa na Bi Hendrika. Huyu alikuwa fundi mkuu kule kusini, mama mfupi aliyevaa raba za turubai mwaka mzima na kufunga sketi yake kwa kamba. Enzi zake, na zangu za mwanzo, hakukuwa na kompyuta. Kisumaku kidogo kilining'inia kwa uzi mwembamba kuliko unywele, kimebandikwa kioo. Taa inamulika kioo, mwanga unarudi na kuangukia karatasi ya picha inayozunguka polepole. Kisumaku kikigeuka kidogo, mwanga unasogea. Kesho yake unaosha karatasi kwenye chumba cha giza na kuona mstari wa siku nzima. Ninyi mnaopokea namba kila sekunde kwenye simu, hebu jaribuni kuosha karatasi ya mita moja bila kuacha alama ya dole gumba juu ya tukio la maana.

Wiki yangu ya tatu niliosha karatasi nikaona dhoruba ya sumaku ambayo haijapata kutokea. Mstari umeruka, umeanguka, umejisokota. Nikaandika ripoti, jina langu kwa herufi kubwa, nikamkimbilia Bi Hendrika. Aliitazama karatasi muda wa kumeza mate, akasema, "Kafungue sanduku." Ndani alikaa buibui mmoja mnene, amefunga utando kutoka kwenye kioo mpaka ukutani, anavuta anavyotaka.

"Msalimie," akasema Bi Hendrika. "Ndiye jua lako."

Mwezi mzima wakaniita Daktari Buibui. Baada ya hapo zikaja lawama za viatu. Nilinunua viatu vipya kwa mshahara wa kwanza, viatu vya kuwaumiza roho wale wa nyumbani, na kila nikiingia kwenye chumba cha vipimo mstari unapanda. Nilimwambia mara kumi na moja kwamba chanzo hakijulikani. Mara ya kumi na mbili akanijibu, "Chanzo kinavaa namba tisa na kinanuka soksi." Kumbe ndani ya soli mlikuwa na ubapa wa chuma. Fundisho lake ni hili, na nalitoa bure: ukiona ajabu kwenye mstari, anza na mwili wako, fuata nguo zako, kisha jengo, kisha jirani. Jua liwe la mwisho kushukiwa.

Tatizo ni kwamba jirani wa Kawetele hakuwahi kukutana na Bi Hendrika.

Banda la mtambo nililijenga kwa mianzi, kama nyumba za babu zetu. Vigingi vya mbao badala ya misumari, bawaba za ngozi, paa la nyasi nene na nailoni chini yake. Najivunia banda lile kuliko nyumba yangu. Lakini kijijini walikufa kwa aibu. Mtu ametoka ng'ambo, wanamwita Injinia (sikuwasahihisha), halafu anaezeka nyasi! Niliita mkutano, nikawaeleza kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa kwamba hapa hapatakiwi chuma: majembe hapana, mapanga hapana, baiskeli hapana, shoka hapana. Wakaitika. Mtambo ukafungwa juu ya nguzo. Siku kumi na moja za kwanza mstari ulikuwa safi kama shuka la ubatizo. Nikaenda Mbeya siku nne kushughulikia intaneti.

Niliporudi niliona kitu kinang'aa kuanzia barabarani.

Lazima niwaeleze desturi kwa wasioijua. Kwetu tuna kikundi cha kuezekana. Ukijenga, kila mwanakikundi anakukopesha bati moja. Siku yeye akijenga, unamrudishia lake. Hakuna riba wala karatasi, ni kichwa cha Mama Subilaga tu. Huyu Mama Subilaga, mwenyekiti wa kikundi, ni mjane mwenye ekari mbili za chai na sauti ya kuamsha watu wa Matwebe huko mbali, na siku ile alikuwa amesimama mbele ya banda langu amejifunga kanga mpya. Nyuma yake wanakikundi wote, sufuria ya wali jikoni, na juu ya paa baba mdogo Gwakisa na nyundo.

"Injinia, karibu kwako!" akapaza sauti. "Ulidhani tutakuacha uchekwe? Watu kumi na wanne, bati kumi na nne!"

"Mama Subilaga," nikasema, "mmeniua."

"Kwa furaha, eh?"

"Mmeniua kabisa! Nilisema chuma hapana!"

"Ulisema majembe. Ulisema mapanga." Alihesabu kwa vidole. "Ukasema baiskeli na shoka. Bati hukulitaja."

"Na misumari nimeongeza," baba mdogo akasema kutoka juu. "Kimbunga kije tu."

Alikuwa na haki yule mama. Sikulitaja. Nani angefikiri? Lakini haki ya mtu mwingine ni ngumu kuiona ukiwa umetoka kukaa garini tangu asubuhi na siku zako kumi na moja zimeharibika. Niliwaambia maneno ambayo mwenye diploma hapaswi kuyajua. Nikapanda ngazi, nikamnyang'anya baba mdogo nyundo, nikaanza kung'oa bati mbele yao, moja baada ya jingine, nikiyatupa chini. Walitazama mpaka bati la nne. Kisha wakaondoka, bila makelele, na sufuria yao ya wali.

Nikamwandikia Daktari ukweli. Akanipa nafasi ya kuanza tena kuhesabu kutoka siku ya kwanza, mara moja tu. Ya pili haipo.

Sasa ikaanza adhabu. Nikisema "ugonile," hakuna anayejibu, na kwetu mtu asipokujibu salamu hiyo ni kama ameshakuzika na kula matanga. Hilo ningelivumilia. Lakini kila asubuhi saa mbili, watu ambao mashamba yao yako upande wa pili kabisa walipata safari ya kupita nyuma ya banda langu. Na majembe. Baba mdogo alipita na majembe mawili na shoka, na mzee yule mgongo unamuuma. Mstari ulioota meno kama msumeno nikautuma kusini, ningefanyaje. Daktari akaniandikia, "Je, kuna treni hapo?" Nikamjibu, "Hapana. Kuna baba mdogo."

Akajibu kwamba ananipa wiki moja, kisha sanduku.

Nilikaa siku mbili natunga sheria za kuwatisha, nitaandika kibao, nitaita mtendaji. Siku ya tatu nikavaa shati la kanisani, nikaenda kwa Mama Subilaga. Alikuwa kwenye chai yake, tenga mgongoni, na hakuacha kuchuma.

"Umekuja kubomoa na kwangu?"

"Nimekuja kuwaalika. Kikundi chote. Mje mle wali."

"Nani atapika?"

"Mimi."

Hapo mkono wake ulisimama. "Wewe mwenyewe? Sufuria utaishika kwa bisibisi?"

Walikuja wote kumi na wanne, nadhani kuniona nikiungua. Wali ulikuwa bokoboko chini na mbichi juu. Waliula wakicheka waziwazi, na kicheko ni hatua. Kompyuta niliiweka barazani, mbali na banda, mstari ukitembea kwenye kioo. Nikamwomba baba mdogo achukue jembe atembee mpaka kwenye mianzi.

Mstari ukapanda kilima. Watu wakashtuka. Baba mdogo akarudi, ukashuka. Akaenda tena, ukapanda. Mara ya tatu hakwenda kawaida, alicheza ngoma na jembe lake begani, mbele, nyuma, akizunguka, na kwenye kioo mstari ukacheza naye.

"Nachora!" akapiga kelele. "Niambieni nachora nini!"

"Unachora upuuzi, mzee, rudi!" wakamjibu.

Nikawaomba waweke vyuma vyote mbali, hata funguo, hata sindano ya nguo aliyokuwa nayo mmoja kwenye kanga. Tukasubiri. Mstari ukatulia, ukanyooka, isipokuwa mtetemo mdogo, mdogo sana, kama utando wa maziwa ukiyapuliza. Mama Subilaga alikuwa amesogeza uso mpaka karibu aguse kioo.

"Na haka kanakotetemeka ni nani? Nani bado ana chuma?"

"Hakuna, mama. Hilo ni jua."

"Jua lipi? Hakuna jua leo, mawingu tu."

"Hilo hilo lililo nyuma ya mawingu. Limepuliza siku tatu nne zilizopita, upepo wake umevurugika njia nzima kama maji ya Kijungu, ndio umefika sasa hivi. Hapo ndipo unapougonga uga wa dunia."

Mstari uliendelea na kutetemeka kwake. Mtu mmoja akavua kofia, sijui kwa nini.

"Kumbe tunalizidi kelele," akasema Mama Subilaga.

Kisha akageuka, na usidhani alikuwa amelainika. "Majembe yatapita njia ya chini, kila mtu. Mwenye safari ya huku ataacha chuma chake kwenye uzio. Hilo limekwisha. Lakini mabati yetu?"

"Yapo, mama, nimeyapanga vizuri."

"Yana matundu. Bati lenye tundu la msumari ni la banda la kuku. Utatulipa mapya. Na utatulipa hapa, kwenye banda hili, sote tukiwepo."

"Hapa? Mama, mabati kumi na manne hapa? Si afadhali pale sokoni…"

"Ulitutukania sokoni?"

Siku tisini zilipita safi. Sikufanya mimi, nakiri, na mnajua kukiri kunaniumiza. Walifanya wao. Harusi ilizungushwa njia ya chini pamoja na matarumbeta yake. Mchungaji alikuja kubariki kituo, na mama mmoja akamzuia getini mpaka akaacha funguo za kanisa, miwani na mkanda, akabariki huku ameshika suruali. Daktari alipoandika kwamba kituo kinabaki, nilitembea na barua ile nyumba hadi nyumba, na safari hii nilijibiwa salamu. Nimekiongoza kituo hicho mpaka nilipostaafu mwaka jana. Kamba za sumaku zilizopita juu yenu mkiwa darasani mnasinzia, mimi nimezipokea zote.

Lakini ninalotaka kuwaachia ni lile la Jumamosi baada ya malipo yangu ya kwanza ya kituo. Nilinunua mabati kumi na manne Tukuyu mjini. Walinikopesha geji thelathini. Nilinunua geji ishirini na nane, nene zaidi, ili wakose usingizi wakiyawaza. Lori la Kenta likaishia kwenye uzio. Kutoka hapo tuliyabeba kichwani mpaka kwenye banda, mimi mbele. Sikumwomba Daktari ruhusa. Angekataa, na angekuwa sahihi. Barazani, kompyuta ilikuwa wazi, na mstari uliruka ukatoka kabisa juu ya kioo.

Nikaita jina moja moja. Kila mmoja aliligonga bati lake kwa kifundo cha kidole, akaliinamisha kutafuta tundu, akaridhika. Baba mdogo aligonga lake mara tatu.

"Hili si lile."

"Ni geji ishirini na nane, baba."

"Nilitoa thelathini."

"Najua ulichotoa."

Akanyamaza. Maisha yangu yote sijawahi kumnyamazisha kabla ya siku hiyo. Kisha akainama kidogo ili nimtwike.

Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu na njia yake kati ya migomba, na mimi nikarudi barazani kutazama. Bati moja likifika mbali, mstari unashuka hatua moja na kutulia. Jingine, hatua nyingine. Mama Subilaga ndiye aliyekuwa wa mwisho; alikwenda polepole makusudi. Alipopotea kwenye chai yake, mstari ukanyooka, ukabaki ule mtetemo tu.

Kabla ya saa tisa ujumbe wa Daktari ukaingia. Alikuwa na haraka, hata salamu hakuandika. Alisema kuna muundo wa sumaku ambao hawajapata kuuona kituo chochote, umepanda ghafla na kushuka kwa ngazi, ngazi zilizopangika ajabu. Ni kitu gani kwenye upepo wa jua kinaweza kufanya hivyo?

Nikamjibu: "Zihesabu hizo ngazi, ni kumi na nne. Sidaiwi na mtu."